Mwalimu, mbona mwanangu hajui nikiwa nimekasirika?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 13, ana usonji. Nikiwa nimechoka tu, nimekaa kimya, ananijia na kuniuliza, "Mama, umenikasirikia?" Ataniuliza hata mara sita jioni moja. Lakini siku niliyokasirika kwelikweli, alipomwaga maji juu ya karatasi zangu za kazi, aliendelea kunisimulia habari za sayari huku mimi natetemeka. Shangazi yake akasema mtoto huyu hana huruma. Neno hilo nimelala nalo wiki nzima. Halafu nimesikia kuna watafiti wanaopima watu wenye usonji wanavyotembea na kupunga mikono, eti ili waelewe wanavyozitambua hisia za wengine. Mwendo na hisia, wapi na wapi?
Mama wa mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na neno la shangazi, maana ndilo lililokunyima usingizi. Mtoto asiye na huruma hakuulizi mara sita kama umemkasirikia. Huyu anajali sana, ila hana hakika na anachokiona. Kutambua mwenzako anahisi nini ni jambo moja, na kuumia kwa sababu yeye anaumia ni jambo lingine. Shangazi ameyachanganya, na wako wasomi waliowahi kuyachanganya vilevile.

Sasa mwendo. Nimefundisha watoto wenye usonji kwa miaka 22, na mingi ya miaka hiyo niliwafundisha hisia kwa kadi: uso unaotabasamu, uso uliokunjamana, uso unaolia. Nilikuwa na binti wa miaka tisa aliyezitaja kadi zote bila kukosea, hata ukimpa zimepinduliwa. Lakini mwenzake akilia mbele yake, alimpita kama hamwoni. Nami nikaandika kwenye taarifa yake kwamba hisia za wengine hazimgusi. Asubuhi moja niliingia darasani nikiwa nimetoka kupokea habari ya msiba. Nilijikaza, nikatabasamu, na walimu wenzangu hawakugundua chochote. Yule binti alikuwa amegeukia ukuta, anapanga penseli zake. Bila kugeuka akasema, "Mwalimu, leo unatembea kama siku ile sungura alipokufa."

Alikuwa amenisikia kwenye korido. Taarifa ile niliifuta, na ninajuta hadi leo kwamba niliiandika.

Watu wa fani hii wameujua uzito wa mwendo kwa muda mrefu. Mwaka 1973, mwanasaikolojia wa Sweden aitwaye Gunnar Johansson alichapisha jaribio zuri mno. Mtu alifungwa taa ndogo kwenye viungo, mabegani, viwikoni, magotini na kwingineko, kisha akapigwa picha gizani ili vionekane vitone vya mwanga peke yake. Vikiwa vimetulia, havina maana yoyote. Vikianza kusogea tu, mtazamaji anamwona binadamu anatembea, na haimchukui hata sekunde moja. Vitone hivyohivyo hubeba hata hisia: mwenye hasira huenda kwa kasi, mwenye huzuni hujikokota.

Na hapa ndipo penye jibu lako. Mtu unapoupima mwendo wa mwenzako, mizani unayotumia ni mwili wako mwenyewe. Utafiti wa Rosanna Edey na wenzake, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba watu ambao kwa kawaida yao hutembea haraka waliona hasira ndogo zaidi katika mwendo wa mtu aliyekasirika. Kwao kasi ile si kitu kigeni. Hao walikuwa watu wa kawaida, na tayari mizani zao zilipishana.

Miaka minne kabla, Jennifer Cook, Sarah-Jayne Blakemore na Clare Press walikuwa wamewaomba watu wazima wapeleke mkono kushoto na kulia, taratibu, mara nyingi, bila zaidi ya hapo. Mikono ya wenye usonji ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi na kwa kushtukashtuka, tofauti na ya wenzao. Unganisha sasa mambo hayo mawili. Ikiwa mwili wa mwanao unakwenda kwa mdundo wake, basi mizani anayokupimia si ile unayoitumia wewe. Kunyamaza kwako kwa uchovu kunaweza kumjia kama jambo kubwa, na kutetemeka kwako kwa hasira kukampita. Sisemi kwamba hili linaeleza kila kitu. Lakini kati ya maelezo yote niliyokutana nayo, hili ndilo linalofanana zaidi na watoto ninaowafahamu.

Kuhusu hasira kuna jambo mahususi. Connor Keating, akiwa na Cook na wenzao katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliwaonyesha watu nyuso zilizotengenezwa kwa vitone vinavyosogea. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Furaha na huzuni, wenye usonji walizitambua sawa na wengine. Tofauti ilijitokeza kwenye hasira: hiyo waliitambua kwa shida zaidi. Niliposoma barua yako nilikumbuka hilo mara moja.

Jambo moja zaidi la kuchunguza nyumbani: muulize mwanao yeye mwenyewe akikasirika anahisi nini mwilini. Akikujibu "sijui", usidhani anakwepa. Kuna hali iitwayo aleksithimia, yaani mtu kushindwa kuzitambua na kuzitaja hisia zake mwenyewe. Huwapata takriban nusu ya watu wenye usonji, na kama watu 5 kati ya 100 wasio na usonji. Mwaka 2013 Richard Cook, Geoffrey Bird na wenzao walionyesha kwamba ugumu wa kutambua hisia usoni uliendana na aleksithimia kuliko na usonji wenyewe. (Ndiyo maana ile hasira ya Birmingham inanivutia: walipoiondoa aleksithimia kwenye hesabu, tofauti ilibaki.) Kama hilo lipo kwa mwanao, anza na moyo wake mwenyewe kabla ya nyuso za watu. Mwambie, "Naona umekunja ngumi na unapumua haraka. Kwangu mimi hiyo huwa hasira. Kwako je?"

Na wewe mama, sema kwa mdomo. Usingoje asome uso. "Nimechoka, sijakukasirikia. Nahitaji nusu saa ya kunyamaza." Au, "Nimekasirika, kwa sababu karatasi zimelowa na nazihitaji kesho. Nisaidie kuzianika." Utaona ataacha sayari zake na kuja kuanika.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa miaka 27, niligunduliwa kuwa na usonji nikiwa mtu mzima. Naambiwa uso wangu ni mkali. Nimefanya usaili wa kazi mara tano, maandishi nafaulu, ana kwa ana nashindwa. Je, niende kujifunza kusoma hisia za watu?
Nimechoka kuambiwa nitabasamu

JIBU: Kijana wangu, wewe mbona ndiye hukusomwa?

Nasema hivyo nikiwa na ushahidi. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliwatathmini wageni kwa kuwatazama au kuwasikiliza muda mfupi tu. Wenye usonji walipewa alama za chini, na watathmini walionyesha hamu ndogo zaidi ya kujumuika nao. Lakini watathmini walipopewa maneno tu kwenye karatasi, bila sura wala sauti, chuki ile ilitoweka. Yaani waliyoyasema hayakuwa na kasoro yoyote. Soma tena matokeo ya usaili wako ukiwa na hilo mkononi.

Edey alifanya jaribio lingine, la mwaka 2016. Watu walisogeza pembetatu mbili ili kuonyesha, kwa mfano, moja inaibembeleza nyingine au inaidhihaki. Watu wasio na usonji walishindwa zaidi kuelewa michoro iliyosogezwa na wenye usonji. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alikuwa ameshaandika kwamba tatizo la kutoelewana lina pande mbili. Kwa miaka mingi tuliupeleka upande mmoja tu darasani.

Kundi la Birmingham limeona pia kwamba wenye usonji, wanapoonyesha hasira, hutumia zaidi mdomo kuliko nyusi. Mtu anayezoea kutafuta nyusi atakutazama na kuona kitu kisichokuwapo.

Kujifunza nyuso za watu ni hiari yako, ukiona kunakupa raha. Kwa usaili ujao, omba upewe maswali mapema kwa maandishi, na omba kazi ya majaribio ionyeshe unachokiweza. Ukiingia, waambie mwanzoni kabisa: "Uso wangu hauonyeshi sana ninavyohisi. Nimefurahi kuwa hapa." Ikiwa wewe mwenyewe hutaki kuutaja usonji, si lazima uutaje.

SWALI: Je, nimlazimishe binti yangu anitazame machoni ninapozungumza naye?

JIBU: Hapana. Watu wazima wengi wenye usonji wanaeleza kwamba kutazama macho huwaumiza na kuwachosha kiasi kwamba maneno hayaingii. Zungumza naye akiwa anatazama sakafu, au dirisha, au mikono yake. Yule binti wa sungura alikuwa amegeukia ukuta.