Maswali na Majibu: "Somebody to Love", kwaya inamwimbia nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naongoza bendi ndogo hapa Tanga: piano, gitaa, besi, dramu na mwimbaji mmoja. Tumealikwa kupiga kwenye sherehe mwezi Desemba, na mwenyeji ameomba "Somebody to Love" ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Nimeazima waimbaji 8 wa kwaya ya kanisa watusaidie. Tumefanya mazoezi mara 5 na wimbo bado umelala. Mpiga dramu anahesabu nne, mwimbaji analalamika kwamba anasukumwa. Pale kwaya inaporudia maneno yaleyale, wasikilizaji wanaanza kushika simu. Tena wanakwaya wawili wameniuliza kama huu ni wimbo wa injili au wa kidunia, sikuwa na jibu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzia kwenye dramu, maana wimbo wenu umefia hapo. Baada ya hapo nitakaa sana kwenye kwaya, kwa sababu katika wimbo huu kwaya si pambo. Ni mhusika.

Mpiga dramu wako anahesabu nne, sawa, lakini kila pigo analigawa mara mbili. Wimbo huu unagawa kila pigo mara tatu. Kwenye karatasi ya muziki wengine huuandika 12/8, wengine 6/8 (vigawo 12 au 6 kwa kila kipimo), msigombane kwa hilo. Mwambie aweke fimbo chini, apige paja kwa kiganja huku akisema kwa sauti: "nazi tu, nazi tu, nazi tu, nazi tu". Ile "na" iwe nzito; "zi" na "tu" ziwe nyepesi lakini zisikike zote, zisimezwe. Nazi ya kwanza na ya tatu ni za ngoma ya mguu, ya pili na ya nne ni za snea, ile ngoma ya fimbo yenye mlio mkali. Akiweza kwenda hivyo dakika mbili bila kukimbia, mrudishie fimbo. Mwimbaji wako hasukumwi kwa bahati mbaya. Silabi zake nyingi zinaangukia kwenye ile "tu", na dramu inayogawa mbili haijamwachia nafasi ya kuitua.

Ninyi wa pwani hesabu hii mnayo mwilini tayari. Chakacha inatembea kwa sita hizohizo. Tofauti ni kwamba chakacha inachezesha mbili na tatu kwa wakati mmoja, na raha yake iko kwenye ule mvutano. Hapa msiulete. Mpigo uwe mpana, wenye uzito, na besi isimame pamoja na mguu wa dramu.

Kuhusu ufunguo, yaani noti ya msingi ya wimbo, sitakuchelewesha. Rekodi iko A-flat. Mwimbaji wenu akishindwa juu, shukeni G au hata F, hakuna atakayelalamika. La kuangalia ni mkono wa kushoto wa piano: mwanzo wa ubeti besi inashuka hatua kwa hatua, doh, ti, la, kabla ya kwenda fa na soh. Mpiga piano akipiga doh tu chini kwa sababu "kodi (noti zinazopigwa pamoja) ni zilezile", ubeti unapoteza mwendo wake wa kushuka, na maneno yenyewe yanamhusu mtu anayeshuka. Halafu pale anapomwuliza Mungu anamfanyia nini, kodi ya re inapigwa kubwa, yaani fa imepandishwa nusu na inavuta kuelekea soh. Wanakwaya wako wanaosoma sol-fa wataisikia mara moja. Usiruhusu mtu aipige ndogo. Kodi hiyo ndiyo inayolifanya swali lisikike kama swali.

Sasa kwaya.

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliutunga wimbo huu akiwa amezama katika uimbaji wa Aretha Franklin, Mmarekani mweusi aliyekulia kwenye nyimbo za injili. Ulitoka Novemba 1976, ukafika nafasi ya pili Uingereza, na mwezi uliofuata ukaingia kwenye albamu "A Day at the Races". Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, katika familia ya Waparsi wafuasi wa dini ya Zoroaster. Hakulelewa katika makanisa ya Wamarekani weusi. Aliipenda lugha yao ya muziki na akajifunza kuisema. Na ile kwaya kubwa unayoisikia kwenye rekodi ni watu watatu tu: Mercury mwenyewe, Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa dramu, wakirekodi sauti zao juu ya sauti zao, tena na tena, hadi chumba kikajaa. John Deacon alipiga besi, hakuimba. Nikisikiliza nikijua hilo, wimbo unaniuma zaidi. Mtu anaomba apatiwe mwenzake, na umati unaomjibu, kwa sehemu, ni yeye mwenyewe.

Sikilizeni rekodi mkiwa na karatasi, mfuate kitu kimoja tu: kwaya inamsema kwa nafsi gani? Mwanzoni kabisa, mwimbaji anashika neno la kwanza peke yake na kwaya inaingia naye kuuliza kama yuko yeyote wa kumtafutia mtu wa kumpenda. Wako pamoja, wote "mimi". Kwenye ubeti wa kwanza kwaya inajitenga. Anasema miguu haimbebi vizuri, nayo inamwambia ajitazame. Imekuwa "wewe". Ubeti wa pili, anaimba kwamba anafanya kazi kwa bidii, na kwaya inaitikia kwamba "anafanya kazi kwa bidii". Katika Kiswahili tofauti ni silabi moja tu, nafanya, anafanya, lakini pima umbali uliopo kati yake. Yeye yupo hapohapo na wao wanamzungumza kama hayupo, kama majirani barazani wanavyomzungumza mtu anayepita njia. Ubeti wa tatu anakiri kwamba hana mdundo, kwamba anapoteza mapigo, na kwaya inamgeukia tena: unazidi kupoteza, unapoteza. Ndiyo, kiitikio kinawarudisha pamoja kila mara, lakini ndani ya beti wamesimama upande wa pili.

Kisha linafika lile eneo linalowachosha wasikilizaji wako. Vyombo vinanyamaza. Kwaya inaanza kwa sauti za chini, polepole, ikirudia ombi moja: nitafutieni mtu wa kumpenda. Sasa "ni" hiyo wanaibeba wao. Wale waliokuwa wakimwambia ajitazame, waliokuwa wakimsema pembeni, wamelichukua ombi lake na kulifanya lao. Ukilielewa hivyo, kurudia si kujaza muda. Kila mzunguko kuna mtu mwingine anayejiunga.

Kwa hiyo lipangeni hivyohivyo. Mzunguko wa kwanza na wa pili waimbe wanaume tu, wale wa sauti za besi na tena, kwa sauti ya mtu anayesali usiku na hataki kuamsha watoto. Kisha alto. Soprano waje mwisho, na kabla hawajafika msiruhusu mtu yeyote kupaza. Makofi yaingie katikati, kwenye nazi ya pili na ya nne, na ngoma ya mguu iyafuate. Wimbo wenu umelala hapo kwa sababu, nina hakika kabisa, wote 8 wanaanza kwa sauti kamili na hawana pa kwenda. Wapeni pa kwenda. Mkifika kileleni, kila kitu kinakatika na mwimbaji anabaki peke yake na ule mstari mrefu unaopanda hadi sauti ya kichwani, ile nyembamba ya juu kabisa. Hapo hakuna kuhesabu. Mpiga dramu amtazame mdomoni, amsubiri.

Ule mstari usimtie hofu. Queen wenyewe jukwaani hawakuwa na watu wa kutosha kuiga rekodi. Ukisikiliza onyesho lao la Milton Keynes, Uingereza, la Juni 1982, utasikia sauti chache, na Mercury akishusha melodi mahali ambapo kwenye rekodi alipanda. Aliupanga upya wimbo wake kwa koo alilokuwa nalo jioni ile. Mwimbaji George Michael alifanya vivyo hivyo kwenye uwanja wa Wembley, London, tarehe 20 Aprili 1992, katika tamasha la kumkumbuka Mercury: kwaya ya injili ilikuwa nyuma yake, na lile eneo la kurudia aliwaachia watazamaji wakaimba wao. Rekodi ya usiku ule ilishika namba moja Uingereza mwaka 1993. Tazama anavyosimama na kusikiliza wenzake wanapoimba. Mwimbaji wako ajifunze hilo. Kwaya inapoomba kwa niaba yake, asipambe juu yao.

Gitaa: solo ya May ni fupi na inaimbika. Apige melodi, asionyeshe vidole.

Na swali la wanakwaya wako wawili ni la haki, wajibu kwa uwazi. Umbo la wimbo ni la injili: kiongozi na waitikiaji, piano ya kanisani, magoti, machozi, jina la Bwana likitajwa tena na tena. Lakini hauhubiri, wala hauombi wokovu. Unaomba binadamu wa kupendana naye, na unamlalamikia Mungu kwamba miaka ya imani haijaleta nafuu. Si wimbo wa ibada, usiwaambie kwamba ni wa ibada. Waambie pia kwamba kulalamika mbele za Mungu si jambo geni kwao. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana atamsahau mja wake hata lini. Anayeweza kuisoma Zaburi hiyo kwa sauti anaweza kuuimba huu bila kujifanya. Asiyetaka, msimlazimishe. Sauti 6 zinazoimba kwa moyo zinatosha.

Mazoezi yajayo msiwashe vyombo. Wakalishe wanakwaya upande mmoja, mwimbaji upande wa pili akiwatazama, paja likipiga nazi. Waimbe beti zote tatu wakiwa wamekaa kule. Ikifika lile ombi la mwisho, kila sauti inapoingia, wenye sauti hiyo wainuke, wavuke chumba, wakasimame nyuma yake.