Ukija kujenga reli kwenye ardhi iliyoganda, unalinda baridi kwanza

Habari zenu wadogo zangu, hasa nyie mnaomaliza uinjinia Dar, Arusha, Nairobi au kokote na mmepata skolashipu au kazi huku kwenye baridi. Kila mwaka napata meseji zinazofanana, kaka nimeitwa kwenye mradi wa reli kaskazini nianzie wapi. Mi nilisoma Lanzhou, China, na sasa huu ni mwaka wa saba niko kaskazini mwa Kanada nafuatilia matuta ya reli na barabara, yaani ule udongo ulioinuliwa unaobeba njia, kwa hiyo nimeamua niandike mara moja, mengine humu nimejifunza kwa machungu.

Kwetu tulifundishwa kuuogopa udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Dawa yake tunaijua, unaukata, unautoa, unaleta moramu nzuri, unashindilia, treni inapita. Ukija huku na kichwa hicho utaharibu, maana huku kukata ndo kosa lenyewe. Pamafrosti ni ardhi iliyokaa nyuzi sifuri au chini ya hapo kwa miaka 2 mfululizo au zaidi, juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi. Ndani mna barafu, sehemu zingine barafu ni nyingi kuliko udongo. Ikiwa imeganda ni kama zege. Ikiyeyuka inakuwa uji, maji yanatoka, ardhi inashuka, na haishuki sawasawa, hapa sentimita chache pale nusu mita, na reli haitaki kabisa mambo ya hivyo.

Kiangazi changu cha kwanza kontrakta mmoja alitaka njia ya kupitisha magari pembeni ya tuta, akaingiza buldoza ikakwangua ile mimea inayotambaa kama godoro pamoja na mboji yake. Kazi ya nusu siku tu. Mi niliona nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni na niliona ni majani tu. Kumbe yale majani ndo blanketi, yanazuia joto la jua lisishuke. Kiangazi cha pili pale pamekuwa mtaro umejaa maji, na maji yaliyotuama yanabeba joto kuliko ardhi kavu kwa hiyo yakazidi kuchimba, kiangazi cha tatu bega la tuta limepasuka kwa urefu na treni zikawekewa mwendo wa kutambaa. Hakuna aliyeweza kurudisha blanketi lile. Ukiona mashine inakwangua pembeni ya tuta simamisha, hata kama una wiki moja kazini, omba msamaha baadaye.

Sasa niseme kuhusu vipimo maana hapa ndo vijana wengi wanadanganyika. Utakabidhiwa nyaya zenye vipima joto zilizoteremshwa kwenye mashimo ya mita 10, 15, unasoma joto kila kina. Utaona mita 5 inasoma hasi 0.1, mwaka ujao hasi 0.1, mwaka unaofuata vilevile, utaandika ripoti kwamba hali ni tulivu. Sio tulivu hata kidogo. Barafu ikifika karibu na sifuri inaanza kuyeyuka na joto lote linaloingia linaishia kwenye kuyeyusha, kipimo hakipandi. Kilo 1 ya barafu inameza kilojuli 334 mpaka iishe kuyeyuka, joto hilohilo lingetosha kupandisha lita ya maji kutoka sifuri mpaka karibu nyuzi 80! Kwa hiyo namba iliyoganda hapo karibu na sifuri ndo ya kuogopa kuliko namba inayopanda kutoka hasi 4 kwenda hasi 3. Na udongo hausubiri sifuri ndo ulegee, kwenye hasi 0.5 tayari kuna maji ambayo hayajaganda katikati ya chembe zake na mzigo ukikaa juu unasogea polepole. Wanasayansi walipojumlisha vipimo vya dunia nzima walikuta kati ya 2007 na 2016 pamafrosti ilipanda joto kwa wastani wa nyuzi 0.29. Inaonekana ndogo, ila kama tuta lako limekaa juu ya hasi 0.3, akiba yako ndo imeisha hivyo.

Darasa langu kubwa lilikuwa reli ya Qinghai mpaka Tibet, huko China. Kipande cha Golmud mpaka Lhasa ni kilomita 1,142, kilifunguliwa Julai 2006, kinapanda mpaka mita 5,072 juu ya usawa wa bahari pale kwenye milima ya Tanggula, na kilomita kama 550 ziko juu ya pamafrosti, nyingi ni ile ya vuguvugu iliyo karibu na sifuri. Zamani wazo lilikuwa jaza tuta nene, udongo mwingi utazuia joto. Profesa Cheng Guodong, mtaalamu wa pamafrosti wa China, na wenzake wakasema hapana, kwenye dunia inayopata joto kuzuia peke yake ni kuchelewesha tu, lipoze tuta lenyewe. Mi bado naona hilo ndo wazo zuri kuliko yote kwenye fani hii.

Wanapozaje? Njia ninayoipenda ni mawe matupu, makubwa, hayana vumbi, yana nafasi katikati. Baridi kali hewa ya juu ni nzito, inashuka ndani ya mawe na kusukuma hewa ya vuguvugu itoke, tuta linapumua. Kiangazi hewa ya moto iko juu, ni nyepesi, haina sababu ya kushuka, inatulia. Kwa hiyo mawe yanaingiza baridi na kukataa joto bila umeme wala fundi, lakini ukiruhusu mchanga uzibe zile nafasi umebaki na rundo la mawe basi, simamia usafi wa mawe kama unavyosimamia zege. Njia nyingine ni thamosaifoni, bomba la chuma lililofungwa lenye amonia ndani, chini amonia inachemka kwa joto la ardhi inapanda kama mvuke, juu inakutana na baridi inarudi kimiminika inashuka tena. Inafanya kazi msimu wa baridi tu, kiangazi imelala. Bomba la mafuta la Alaska la kilomita 1,287 lililomalizwa 1977 limeinuliwa juu ya nguzo zaidi ya nusu ya safari yake kwa sababu mafuta yanapita ya moto, na nguzo nyingi zimetiwa mabomba ya namna hiyo. Na pale ardhi ilipokuwa mbaya kabisa Wachina waliiruka kwa daraja, la Qingshuihe lina kilomita 11.7, ni gharama kweli ila kivuli chake pia kinasaidia.

Theluji nayo. Mgeni anadhani theluji ni baridi kwa hiyo inasaidia. Theluji ni blanketi, ikirundikana kwenye mguu wa tuta inazuia ardhi isipoe msimu ambao ndo ilitakiwa ipoe. Kwenye vipande vya majaribio vya barabara pale Beaver Creek, Yukon, vilivyojengwa 2008, mojawapo ya mambo yaliyojaribiwa ilikuwa ni kuondoa tu theluji kwenye miteremko. Kwa hiyo ukiona greda linasukumia theluji yote pembeni na kuiacha, ongea na dereva vizuri, mweleze sababu, mara nyingi hajawahi kuambiwa.

Maji ndo yanaua tuta zaidi. Reli ya Churchill, Manitoba, ilifika mjini 1929 na hakuna barabara ya kwenda kule, mwezi wa tano 2017 mafuriko yakafumua njia sehemu nyingi na mji ukakaa bila treni mpaka mwishoni mwa 2018, vyakula na mafuta vinakuja kwa ndege au meli. Fikiria familia inanunua maziwa yaliyosafiri kwa ndege kwa sababu ya tuta. Kalvati zako, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya tuta, zikague kabla theluji haijaanza kuyeyuka, zile zilizoziba kwa barafu zifunguliwe mapema, usingoje uone ziwa upande mmoja wa reli.

Halafu msijifiche nyuma ya mabadiliko ya tabianchi. Norilsk, Urusi, 29 Mei 2020 tenki lilipasuka zikamwagika tani kama 21,000 za dizeli baada ya nguzo zake kuzama, watu wakakimbilia kusema joto la dunia, lakini uchunguzi wa serikali ukataja na makosa ya usanifu na ujenzi wa nguzo zenyewe. Joto tunajua linakuja, kwa hiyo piga hesabu kwa joto la miaka 50 mbele, sio wastani wa miaka 30 iliyopita.

Ukienda kuchimba sampuli piga picha kila kipande kikiwa bado kimeganda, na mkanda wa kupimia pembeni, kiweke kwenye boksi la baridi saa hiyohiyo. Kikiyeyuka unabaki na tope kwenye ndoo na hakuna atakayeamini barafu ilikuwa kiasi gani.

Mwisho, kama unaanza kazi mwezi wa sita, wiki ya kwanza usikae na kompyuta. Vaa buti za kufika magotini utembee njia na wale mafundi wa matengenezo waliokaa hapo miaka 20, na kama kuna wazee wenyeji wa kabila la pale wanaowinda maeneo hayo waulize kwa adabu maji yalikuwa yanapita wapi zamani na sasa yanapita wapi. Beba daftari la karatasi na penseli, wino unaganda ukitoka tena mwezi wa kumi na moja.