Maswali na Majibu: Michezo na Kazi za Watoto wa Walowezi wa Marekani

Shule nyingi za msingi nchini Marekani hufundisha habari za walowezi waliohamia magharibi mwa nchi hiyo katika karne ya 19, na wazazi wanaolea watoto huko wameuliza namna ya kuwasaidia nyumbani.

Mwanangu yuko darasa la pili mjini Omaha, na shule yao itakuwa na siku ya walowezi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe. Njia ya Oregon, ambayo walowezi wengi waliifuata kwa magari hayo kutoka Independence, Missouri, hadi bonde la Willamette huko Oregon, ilikuwa na urefu wa kilomita 3,200 hivi, na msafara ulichukua miezi minne hadi sita. Lakini tarakimu hizo hazimwingii mtoto wa miaka saba. Mchoree kwa chaki mstatili wa mita 3 kwa mita 1.2, ambao ndio uliokuwa ukubwa wa kawaida wa gari hilo, kisha mwambie alete vitu vyote ambavyo angependa kuhama navyo. Akishapanga, mweleze kwamba vitabu vya mwongozo vya wakati ule vilishauri kila mtu mzima abebewe takriban kilo 90 za unga, mbali na nyama ya chumvi, nawe uanze kupanga mito ya makochi badala ya magunia. Vitu vyake vitatoka kimoja kimoja, na mwishowe atatoka yeye mwenyewe, kwa sababu walowezi wengi, watoto wakiwemo, walitembea kwa miguu kando ya magari. Hapo ataelewa kwa nini mtoto alibaki na mdoli mmoja au gololi chache mfukoni.

Je, ni lazima nimshonee binti yangu gauni refu na kofia?

Si lazima. Sketi ndefu na kitambaa cha kichwani vinatosha, na pesa ya kukodi vazi ni afadhali inunue krimu tutakayoieleza hapa chini.

Watoto hao walicheza nini? Sina fedha za kununua vifaa.

Walicheza mengi ambayo huenda nawe umeyacheza: gololi, kuruka kamba, kujificha, na kuendesha ringi kwa kijiti, isipokuwa ringi yao ilitoka kwenye pipa bovu, si kwenye baiskeli. Hayo hayahitaji maelezo.

Unaostahili jioni nzima ni mchezo wa kifungo. Chukua kifungo kikubwa cha koti, pitisha uzi imara wa mita moja hivi katika tundu moja, urudishe katika tundu la pili, kisha funga ncha zake. Mtoto ashike kitanzi kwa kila mkono, kifungo kikiwa katikati, akizungushe mpaka uzi ujisokote, halafu avute na kulegeza kwa zamu. Akivuta tu bila kulegeza kitagoma, na watoto wengi hukasirika kwanza kabla ya kuipata mbinu hiyo. Kikishika mwendo, kitavuma kama nyuki. Vifungo visifike mikononi mwa wadogo wanaotia kila kitu mdomoni.

Hao watengenezee mdoli wa maganda ya mahindi, ambao walowezi walijifunza kwa wenyeji wa bara hilo. Maganda makavu yalowekwe katika maji ya vuguvugu mpaka yalainike, ndipo yakunjwe na kufungwa kwa uzi shingoni na kiunoni.

Binti yangu ana miaka minne na hatulii mahali pamoja. Shughuli gani itamfaa?

Kutengeneza siagi. Jaza krimu nzito nusu ya chupa yenye mfuniko imara, naye aitikise huku akicheza. Kwanza krimu itavimba na kutulia kimya, na hapo wengi hukata tamaa. Endeleeni, na baada ya dakika 10 hadi 15 hivi mtasikia bonge likigonga chupa, limejitenga na maziwa mepesi. Lioshe kwa maji baridi, tia chumvi, mpake kwenye mkate. Bibi zetu waliosukasuka maziwa kwenye vibuyu hawatashangaa. Walowezi wenye ng'ombe wa maziwa waliliachia gari kazi hiyo: ndoo ya maziwa ya asubuhi ilitikiswa na mabonde ya njia, na jioni siagi ilikuwa tayari.

Akiwa bado na nguvu, mtume akaokote vipande vya maboksi uani, maana katika mbuga zisizo na miti watoto walitumwa kuokota kinyesi kikavu cha nyati ili kitumike kama kuni.

Kijana wangu ameuliza ardhi hiyo ilikuwa ya nani, na kama watu weusi walikuwapo. Nimjibu nini?

Mjibu yote mawili, tena bila kuficha. Ardhi ilikuwa na wenyewe, wakiwemo Wapawnee, Walakota na Wacayuse, na sheria ya mwaka 1862 iliyowapa walowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano iligawa ardhi waliyonyang'anywa wenyeji. Kwa hiyo mchezo wa kujivika manyoya na kuwinda "Wahindi Wekundu" usichezwe kabisa.

Watu weusi walikuwapo. George Washington Bush alisafiri na familia yake hadi Oregon mwaka 1844, akakuta sheria inayowakataza watu weusi kuishi huko, na yeye na wenzake wakaenda kaskazini kuanzisha makazi karibu na Puget Sound, ghuba iliyo katika jimbo la Washington la leo. Mwaka 1877 watu waliotoka utumwani, wengi wao kutoka Kentucky, walianza kujenga mji wa Nicodemus, Kansas, na kwa kukosa miti wakaishi kwanza katika nyumba zilizochimbwa ardhini. Kijana wako anaweza kuitengeneza nyumba hiyo kwa boksi la viatu na udongo wa mfinyanzi, akiacha bomba la jiko litokeze juu ya ardhi.