Kunyanyua nimefundishwa na muuza maji

Siku yangu ya kwanza jimu haikufika nusu saa. Ilikuwa jimu ya uani, Mbagala. Vyuma vyake ni bomba lililochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na hakuna aliyejua kopo lina kilo ngapi. Sikutaka kuonekana mnyonge mbele ya mabaunsa. Nikainama, nikavuta, kiuno kikalia ka! Wiki tatu mwanangu ndiye aliyekuwa akinifunga kamba za viatu.

Baadaye kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni alinikuta nahangaika na dumu, akacheka.

"Mzee, dumu halivutwi na kiuno. Lisogelee, chuchumaa, nyoosha mgongo, halafu sukuma ardhi kwa miguu."

Yeye hupakia na kupakua kutwa. Nikamsikiliza.

Tangu hapo dumu ndilo chuma changu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo najua hasa nilichobeba. Dumu la lita 20 likijaa linakaribia uzito wa ile fimbo tupu wanayotumia wanaume kwenye mashindano ya Olimpiki, kabla haijatiwa chuma hata kimoja. Wewe anza na la lita 5. Likumbatie kifuani, chuchumaa na kuinuka mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, rudia hadi seti tatu. Ukimaliza zote na unahisi ungeweza kuongeza mara mbili tatu, siku inayofuata ongeza kidogo, lita moja au mbili. Andika kwenye daftari, maana kichwa hudanganya. Ila dumu lisilojaa huyumba na kukupa kazi ya ziada, na ukijaza mchanga usihesabu lita kama kilo. Mchanga ni mzito kuliko maji.

Pushapu zikikushinda, anzia ukutani, kisha ukingo wa kitanda, mwisho sakafuni. Usisahau kuvuta: shika benchi kwa mkono mmoja, mwingine uvute dumu hadi ubavuni. Vijana wengi wa jimu za mtaani hupiga kifua na mikono tu, ndiyo maana juu baunsa, chini korongo.

Toa pumzi unaponyanyua, usiibane. Mwenye presha amwone daktari kwanza.

Kesho yake utashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Maumivu hayo ya misuli ni ya kawaida, huisha ndani ya siku chache. Maumivu ya kuchoma kwenye goti au bega ni mengine kabisa. Acha hapo hapo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Mimi nyanyua yangu ni Jumatatu na Alhamisi. Za mwendo nazipata kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani na kutembea haraka, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Unga wa protini wa makopo sijanunua. Dagaa, maharage na mayai vinanitosha.

Siku hizi yule kijana anaishia getini. "Ingiza mwenyewe, mzee, si mazoezi hayo?" Bei hajapunguza.