Kwa mtoto, anza na pumzi: kwa wanaoanza kujifunza huduma ya kwanza Goma

Wengi mnaojiandikisha kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto mnakuja mkiwaza damu, mifupa na bandeji. Hayo mtafundishwa, na mtayashika upesi. Ila kinachomuua mtoto mdogo kabla hajafikishwa kituo cha afya mara nyingi ni kukosa hewa. Moyo wa mtu mzima unaweza kusimama kwa sababu wenyewe ni mgonjwa. Moyo wa mtoto kwa kawaida ni mzima, na ukisimama, basi hewa ndiyo iliyokatika kwanza. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya unaagiza mtoto asiyepumua apuliziwe pumzi tano kwanza, ndipo abonyezwe kifua, wakati mtu mzima huanziwa kifuani. Ukiielewa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kozi itakukaa bila kukariri.

Ninachowaomba tangu siku ya kwanza ni kwamba msiridhike na daftari. Nimeona watu wanaojibu maswali yote ya mtihani, lakini wakipewa mwanasesere wa mafunzo wanamshika kana kwamba ni yai. Mwanasesere wa kwanza wa namna hiyo alitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal wa Norwei, mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto, kwa sababu ilionekana wazi kuwa kazi hii hujifunzwa kwa mikono. Kama wanasesere ni wachache darasani, kaa hadi mwisho, wengine wakiondoka, rudia. Usijaribu kamwe kubonyeza kifua cha mtoto mzima wa afya ili ufanye mazoezi.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mwite, mgonge nyayo. Hajibu? Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Kichwa kiwe katikati, uso ukitazama juu moja kwa moja. Ukikirudisha nyuma sana kama unavyofanya kwa mtu mzima, unaweza kuiziba njia ya hewa badala ya kuifungua. Tazama kifua, sikiliza, kwa muda usiozidi sekunde kumi. Hapumui? Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, pulizia kiasi cha kifua kuinuka tu. Kisha bonyeza nusu ya chini ya mfupa wa kifua, ukiuzamisha theluthi moja ya unene wa kifua, yaani kama sentimita 4 kwa mtoto mchanga na 5 kwa aliyevuka mwaka mmoja, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwa peke yako, mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Wahudumu wawili waliofundishwa hufanya 15 kwa 2. Na ukiwa peke yako bila simu, fanya hivyo dakika nzima kabla ya kukimbilia msaada.

Waliofundishwa zamani watawaambia mtumie vidole viwili kwa mchanga. Msibishane nao, lakini mjue kwamba mwongozo wa Marekani wa 2025 umeviacha: sasa ni vidole gumba viwili huku mikono ikikizunguka kifua, au kitako cha kiganja kimoja, kwa kuwa vidole viwili huchoka na havifiki kina kinachotakiwa. Miongozo hii hubadilika kila baada ya miaka michache. Rudieni mafunzo.

Kukabwa na kitu kooni kunastahili muda wenu mwingi kuliko kitu kingine. Vitabu vingi tunavyotumia vimeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya, vinaonya juu ya zabibu na sarafu. Sisi sarafu hatutumii. Tuna karanga za kwenye vifuko, punje za mahindi ya kuchoma, vipande vya muwa, vifuniko vya kalamu, na zile betri ndogo za duara zinazotoka kwenye vitu vya kuchezea. (Betri ikimezwa usimtapishe mtoto wala usingoje kesho: inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Hospitali moja kwa moja.)

Msikilize kwanza. Anayelia na kukohoa kwa nguvu anapumua: mwache akohoe, mshike wima, usimpige, usimtie kidole mdomoni. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza ghafla, mdomo wazi, kikohozi hakitoi sauti. Picha za vitabu huonyesha mtoto mzungu aliyegeuka bluu usoni. Kwa watoto wetu tazama ulimi, fizi na ndani ya midomo.

Mtoto mchanga mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono ukiegemea paja, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya umelishika. Mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega, mara tano. Haijatoka? Mgeuze chali, kichwa bado chini, msukume kifuani mara tano pale pale unapobonyezea. Endelea kupokezana. Aliyevuka mwaka mmoja mwinamishe, mpige mgongoni mara tano, kisha simama au piga magoti nyuma yake, mkandamize tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu, mara tano. Mchanga hakandamizwi tumbo kamwe, ini lake linaweza kupasuka. Akizimia, mlaze uanze pumzi na kifua, na kila unapofungua mdomo tazama: ukikiona kitu, kitoe, usichokiona usikitafute kwa kidole, utakisukuma chini. Kumning'iniza mtoto kwa miguu na kumtikisa, au kumlazimisha ameze tonge la ugali ili lisukume, ni mambo mtakayoyakuta nyumba nyingi. Yaacheni yote mawili.

Ziwa nalo. Watoto wetu ndio wanaoteremka Kivu na bidoni, yaani madumu ya maji, asubuhi. Mtoto akizama na wewe hujui kuogelea vizuri, usijitupe. Bidoni tupu iliyofungwa kifuniko inaelea: itupe aishike, au mnyoshee mti. Akitolewa, usimpindue umwage maji ya tumboni; unapoteza dakika, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Pumzi tano, kisha kifua. Mvue nguo za maji, mfunike. Hata akiamka na kucheka, apelekwe akaangaliwe, maana mapafu yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Sasa jambo ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kitakalowaambia: mazuku. Kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake, hewa ya kaboni dioksaidi inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini kama maji kwenye bakuli, haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inakusanyika zaidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto, kwa urefu wake, tayari ameingiza kichwa ndani. Mkimwona mtoto ameanguka shimoni, na pengine mbuzi au ndege wamelala karibu naye, hilo ndilo shimo. Wanaokufa mara nyingi huwa wawili au watatu, kwa sababu wa pili alikimbia kumwinua wa kwanza. Usiiname humo. Ita watu, mvute kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu, mpandisheni penye upepo, ndipo uanze pumzi. Nawasihi mfundishe hili kwa watoto wenyewe, si kwa wazazi tu.

Mbabula, yaani jiko la makaa, iliyoingizwa chumbani usiku wa mvua, mlango umefungwa, inaua kwa njia tofauti lakini huduma inaanza vilevile: fungua, watoe wote nje, angalia pumzi.

Kuungua ndiko kutawagombanisha na watu. Mbabula iko chini, sufuria ya maharagi iko juu yake, mtoto anatambaa. Kinachotakiwa ni maji baridi ya kawaida, safi, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Si barafu. Na dakika 20 ni ndefu sana mtoto akilia. Mahali ambapo maji yananunuliwa kwa bidoni, mama atawatazama kama wenda wazimu mkianza kuyamwaga. Yamwageni polepole kwa kikombe, mkiweka beseni chini. Vua nguo na bangili kabla ya uvimbe, ila kilichoganda kwenye ngozi kiache. Poza jeraha, lakini mwili uliobaki ufunike, Goma kuna baridi na mtoto hupoa upesi. Kisha kitambaa safi kisichotoa nyuzi, bila kukaza. Malengelenge usiyapasue. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake: jeraha likizidi hapo, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, hospitali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja apelekwe hata kwa dogo.

Mtafika mkute dawa ya meno imeshapakwa, au mawese, au majivu, na koko (bibi) wa nyumba amesimama hapo, yeye ndiye aliyepaka. Usimwaibishe mbele ya wakwe na majirani. Mimi humsalimu kwanza, halafu nampa kazi: «Koko, tunaomba utushikie kikombe, wewe ndiye mtoto anakuzoea, tumwagie maji taratibu.» Mkono wenye kazi hauendi tena kutafuta mafuta. Baadaye, mtoto akitulia, kaa naye chini umweleze kwamba mafuta yanafungia joto ndani ya ngozi na daktari atalazimika kuyasugua ili aone jeraha. Koko aliyeelewa atafundisha avenyu nzima, na atasikilizwa kuliko wewe.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda: mtoto akinywa, msimtapishe, msimpe maziwa wala mawese. Yakipanda tena ndiyo yanaingia mapafuni, na hapo ndipo hatari ilipo. Vua nguo zilizolowa, osha ngozi, mwende.

Degedege la homa huja zaidi kati ya miezi 6 na miaka 5. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumshika kwa nguvu, hakuna dawa ya kumeza wala maji mpaka azinduke. Hata likiisha lenyewe, kwetu mtoto mwenye homa na degedege anapimwa malaria siku hiyo hiyo. Likizidi dakika tano, msingoje liishe, anzeni safari.

Kuhara mtafundishwa vizuri na wahudumu wa kituo. Kumbukeni tu lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa, kama pakiti hazipo, na titi lisikatizwe.

Safari yenyewe, kwa kawaida, itakuwa ya pikipiki. Asiyepumua hapandishwi pikipiki: huwezi kubonyeza kifua ukiwa umekaa nyuma ya dereva. Endelea chini mpaka apumue au ipatikane gari. Anayepumua abebwe na mtu mzima, uso wake uonekane, usifunikwe na kitenge, na mbebaji amtazame kifua njia nzima.

Mkifika, mwambieni muuguzi kwa ufupi: umri, uzito kama kadi ya kliniki ipo, kilichotokea, saa ngapi, mlifanya nini. Kama alikunywa kitu, leteni chupa yenyewe hata ikiwa tupu. Kama lilikuwa degedege, lilichukua dakika ngapi na lilianza mwili mzima au upande mmoja. Andika hayo kwenye kiganja chako njiani ukipata kalamu, na usiondoke mara mtoto anapopokelewa: muuguzi anaweza kurudi na swali, na mama wakati huo hakumbuki saa.