Moshi wa jirani, betri chakavu na rambo zilizorudi

Swali: Jirani yangu huchoma taka kila jioni, chupa na nailoni humo humo. Nikimwambia, anasema moshi unafukuza mbu. (Mama wa watoto wawili, Mbagala)

Jibu: Pole. Moto wa uani ni mdogo, hauwezi kuiunguza plastiki ikaisha. Hutoa masizi, na mabaki ya mabomba ya PVC au nyaya za umeme yakiingia humo hutoa dioksini, sumu inayosababisha saratani. Ila usimwendee kwa shari, mtaishi pamoja miaka mingi. Mwambie chupa zina wanunuzi kwa kilo, na maganda yafukiwe. Kuhusu mbu, wale wa dengi huzaliana kwenye makopo na matairi yenye maji ya mvua. Ayamwage hayo kwanza.

Swali: Elimu ya mazingira inamsaidia nini mtu asiye na hela? Nani atatusikiliza tukimshitaki mwenye kiwanda? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilikuwa ubavuni mwa nyumba zao. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, aliuguliwa na mwanawe mchanga, na damu ilipopimwa ikakutwa na madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kabla ya hapo kikohozi na upele vilikuwa maradhi tu. Baada ya majibu ya maabara, mtaa mzima ulijua cha kudai: tupimwe, kiwanda kifungwe. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikawaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha uamuzi huo Desemba 2024. Kwa mgonjwa hiyo ni miaka mingi mno, sibishi.

Swali: Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku? Mbona sokoni bado napewa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ilipigwa, tangu 1 Juni 2019. Vile vifuko vilaini vinavyong'aa viliachwa kwa kufungashia bidhaa tu, wachuuzi wakavigeuza rambo, yaani mifuko ya kubebea. Nenda na kapu lako, na umwoneshe kabla hajapima nyanya.