Baiskeli ya babu na siku 82

Wiki hii mmeuliza: "Nani aliujenga mji wenu, na mbona hatajwi?" Mimi ni wa Tabora. Jibu langu ni watu wa genge la reli, yaani wafanyakazi waliojenga na kutunza njia ya treni.

Shuleni tulikariri miaka tu. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, kilomita kama 1,250 hivi. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza lililokamilika 1928, ndipo Tabora ikawa njia panda. Mwalimu alisema "Wajerumani walijenga" bila kupepesa macho, utadhani Mjerumani ndiye aliyebeba mataruma begani! Waliobeba walikuwa Waafrika kwa maelfu, Wanyamwezi wengi wakiwemo, ambao baba zao walikuwa wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani.

Babu aliingia gengeni miaka ya hamsini. Alfajiri alitoka kota na nyundo na spana, akafuata njia kwa miguu akigonga bolti moja moja. Iliyokaza hulia, alituambia, iliyolegea hunung'unika. Kustaafu hakukumtoa tabia hiyo: akija kwetu alikuwa akigonga kitanda kwanza kwa kifundo cha kidole kabla hajakaa.

Lakini ninachotaka kitajwe hasa ni mgomo wa 1960. Reli yetu wakati huo iliendeshwa pamoja na ya Kenya na Uganda, makao makuu yakiwa Nairobi, na chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli, katibu wake mkuu akiwa Christopher Kasanga Tumbo, kiliitisha mgomo wa kudai mishahara. Ulidumu siku 82. Hesabu mwenyewe: karibu miezi mitatu bila mshahara, na watoto wanataka kula. Mwaka uliofuata tukapata uhuru. 1962 ikaja sheria ya kuibana migomo, na Tumbo, aliyekuwa amepelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu na kuanzisha chama cha upinzani. Naona ndiyo sababu habari zake hazikupewa nafasi kubwa darasani.

Nyumbani kwetu mgomo ule ulibaki kuwa kipimo. Jambo likichelewa, bibi alisema, "Hii sasa imekuwa mgomo wa reli." Yeye ndiye aliyeihudumia familia kwa kukaanga maandazi, na unga ulipokwisha babu akauza baiskeli yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, kwa mtu wa Sikonge. Kazini alirudi, nyongeza akapata, baiskeli nyingine akanunua. Ila kwa miaka mingi, akikutana na yule bwana sokoni, aliikagua kwanza ile baiskeli, akabonyeza matairi, ndipo akamsalimu mwenyewe.